Mng'ao Huharibika kwa Nusu Saa: Namna ya Kufunga Paneli kwa Bolti Bila ya Kuikwaruza

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kuliona jambo hili nyumbani kwako au kwa jirani yako. Kitu kipya kimenunuliwa kwa fedha zilizowekwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kimeletwa juu ya mkokoteni, kimefunikwa kwa makaratasi, na watoto wamekizunguka wakijitazama nyuso zao katika mng'ao wake. Kisha akatokea mtu mwenye spana mkononi na nia njema moyoni. Baada ya nusu saa kitu kile kimekwisha kufungwa mahali pake, tena imara kabisa. Lakini kuzunguka kila bolti pana duara la mikwaruzo, na katikati ya uso uliokuwa uking'aa kama maji ya mtungini pana mchirizi mrefu usiofutika.

Katika habari nitakayokusimulia leo, mtu huyo mwenye spana na nia njema nilikuwa mimi.

KABATI LA JIRANI

Jirani yangu ni mama anayeuza vitumbua na maandazi asubuhi karibu na kituo cha mabasi. Kwa muda mrefu alikuwa akivipanga katika beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Hatimaye alipata uwezo wa kutengenezewa kabati: fremu ya chuma cha pembe, kioo kwa mbele, na pande tatu za bati lililopakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Kwa kuwa mlango wa chumba chake ni mwembamba, mchomeaji alileta fremu peke yake na paneli peke yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoboa matundu na kufunga paneli zile kwa bolti kumi na sita.

Aliponiuliza kama namfahamu fundi wa bei nafuu, nilijibu bila ya kufikiri, "Dada, hiyo si kazi ya kumlipa fundi. Niachie mimi."

Niliazima drili. Niliposhika tundu la kwanza ncha yake iliteleza, ikachora mchirizi wenye urefu wa shubiri. Nilipofika kwenye bolti nilikaza kwa mbele, nikizungusha kichwa chenyewe juu ya rangi, huku nimeweka washa ya springi, ile iliyokatwa na yenye ncha mbili kali, moja kwa moja juu ya uso mweupe. Chembe za chuma zilizotoka tunduni nilizipangusa kwa kiganja, nikazisugua pale pale. Nilipomaliza, mama yule alilitazama kabati lake kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Ahsante kaka. Si kitu. Upande ule nitaugeuzia ukutani."

Maneno yale ya upole yaliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma.

Laiti ubaya ungekuwa wa macho tu! Sisi tunaishi karibu na bahari, na hewa yetu ina unyevu na chumvi. Kabati lile lilikuwa likipokea mvuke wa vitumbua vya moto kila alfajiri. Haikupita miezi miwili kabla kutu haijaanza kuchungulia chini ya kila washa, kisha ikateremka juu ya rangi nyeupe kwa michirizi ya kahawia. Asubuhi moja akapita Bwana Afya. Akaweka kidole juu ya michirizi ile, akakitazama kidole chake, akamwambia mama yule kwamba chombo chenye kutu na rangi inayobanduka si mahali pa kuweka chakula cha watu. Akampa siku saba. Bwana Afya hakukosea hata kidogo. Aliyekosea nilikuwa mimi, na aliyekuwa hatarini kupoteza riziki yake ni mwingine.

Nilizifungua paneli zile, nikazipeleka Gerezani kwa mzee mmoja, fundi bati wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akaigeuza paneli kwenye mwanga. "Nani aliyekufanyia hivi?"

"Nimefanya mwenyewe, mzee."

Akacheka. "Basi afadhali. Aliyekosa akija mwenyewe hufundishika. Kaa hapo."

Haya yanayofuata ni yale aliyonifundisha mzee yule, pamoja na yale niliyoyahakikisha baadaye kwa kusoma na kwa mikono yangu.

NGUVU YA SPANA HUENDA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba nguvu yote wanayoitia katika spana huenda kuibana paneli. Sivyo hata kidogo. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, katika kila sehemu kumi za nguvu unayotia, karibu sehemu tano humezwa na msuguano wa kichwa cha bolti au nati juu ya kitu kinachobanwa. Sehemu nne nyingine humezwa na msuguano wa nyuzi za bolti ndani ya nati. Sehemu moja tu ndiyo inayobaki kufanya kazi uliyoikusudia, yaani kuvuta na kubana.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Zile sehemu tano zinazopotea chini ya kichwa hupotea juu ya kitu gani? Hupotea juu ya rangi yako! Kila unapozungusha kichwa cha bolti upande wa mbele wa paneli, nusu ya jasho lako inafanya kazi ya msasa.

Na ngozi hiyo unayoisugua ni nyembamba mno. Rangi ya kiwandani iliyo juu ya mlango wa gari, pamoja na tabaka zake zote, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Haupiti sana unene wa unywele wa kichwani. Tabaka hilo jembamba ndilo linaloukinga uso mzima dhidi ya maji na hewa. Likikwaruzwa mahali padogo kama punje ya mtama, kutu huingia hapo, ikatambaa chini ya rangi nzima iliyo jirani na kuiinua kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Mzee yule alinifundisha kwamba kazi ya kulinda mng'ao huisha kabla ya bolti ya kwanza kuguswa.

Kwanza, rangi iwe imekauka barabara. Rangi ya mafuta hukauka kwa kugusa katika muda wa saa kadhaa, na hapo wengi wetu hudanganyika. Ndani bado ni laini, na huendelea kuwa ngumu kwa siku nyingi. Ukibana washa juu ya rangi ya jana, washa itazama na kunata, na siku utakapoifungua itaondoka na rangi yake. Ngoja walau juma moja. Na katika majira ya mvua ongeza siku. Njia ya kujaribu ni kubonyeza ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, bado.

Pili, andaa kitanda cha paneli. Usiilaze juu ya sakafu ya saruji wala juu ya meza ya fundi yenye chembe za chuma. Tandika blanketi kuukuu au maboksi yaliyopanguswa vizuri. Kumbuka kwamba uso unaong'aa mara nyingi hukwaruzwa na kitu kilicho chini yake, usichokiona, kuliko kile ulichonacho mkononi. Kadhalika vua pete, saa, na mkanda wenye bakuli la chuma.

Tatu, kama paneli imekuja na ngozi ya plastiki ya kuikinga, usiibandue yote kwa pupa. Iache mpaka mwisho, ila kuzunguka kila tundu ibandue kiasi cha washa, ili isije ikabanwa na kubaki vipande vipande chini ya bolti. Lakini pia usiiache miezi mingi juani, kwa maana gundi yake huokwa na jua ikagoma kutoka.

Nne, weka utepe wa karatasi, ule wautumiao wapaka rangi, juu ya kila mahali utakapotoboa. Utepe huo una faida tatu: penseli huandika juu yake vizuri, ncha ya drili haitelezi, na rangi haimeguki ukingoni mwa tundu. Ukimaliza kazi ubandue siku hiyo hiyo, taratibu, ukiukunja kuelekea nyuma.

KUTOBOA

Pima mara mbili ndipo utoboe mara moja. Weka alama kwa msumari mnene ulionolewa, ukiugonga kidogo tu kwa nyundo ili ncha ya drili ipate mahali pa kukaa. Chini ya paneli weka kipande cha ubao na uvibane pamoja. Drili yoyote hutoka kwa vurugu kuliko inavyoingia. Ubao ule huushika upande wa pili usipasuke wala kuchanika. Kwa sababu hiyo hiyo, anza kutoboa kutoka upande unaong'aa ili vurugu iwe nyuma.

Tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti. Kwa bolti ya milimita 6 toboa tundu la milimita 7. Tundu linalobana sana hukulazimisha kuipiga au kuizungusha bolti ili ipite, nayo nyuzi zake hukwangua ukingo wa rangi kama msumeno.

Baada ya kutoboa, fanya mambo matatu ambayo mimi sikuyafanya. Ondoa ukingo mkali uliobaki tunduni kwa tupa ndogo au msasa, ukisugua kutoka kwenye rangi kuelekea ndani ya tundu na si kinyume chake. Ondoa chembe zote za chuma kwa brashi laini au kwa kupuliza, wala usizipanguse kwa mkono au kwa kitambaa kikavu. Chembe hizo ni chuma kitupu. Zikibaki usiku mmoja wenye umande zitashika kutu na kuacha madoa ambayo watu hudhani yametoka kwenye bati lenyewe. Mwisho, paka ukingo wa tundu rangi ya kuzuia kutu, ikauke, kisha rangi ya juu kwa brashi ndogo. Tundu lisilopakwa ni mlango ulioachwa wazi.

"Wewe ulitoboa matundu kumi na sita," aliniambia mzee, "ukaifungulia kutu milango kumi na sita. Ulitaka isiingie?"

WASHA MBILI, KAZI MBILI

Washa, yaani kile kipete bapa kinachokaa chini ya kichwa cha bolti, watu wengi huiona kama pambo. Kwa hakika ndiyo mlinzi mkuu wa mng'ao, lakini washa moja ya chuma haitoshi, kwani nayo huweza kuzunguka pamoja na kichwa na kukwaruza. Siri ni kuweka mbili.

Washa ya kwanza, inayogusa rangi, iwe laini: ya nailoni au ya plastiki. Kama huioni dukani, ikate mwenyewe kutoka katika dumu kuukuu la plastiki. Plastiki ile ni telezi, hainati kwenye rangi, wala hainywi maji. Wengi wetu hukimbilia kukata mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira hubana vizuri, lakini mpira mweusi una tabia ya kuacha doa la kahawia au la manjano juu ya rangi nyeupe, na doa hilo huzama ndani lisifutike kwa sabuni. Uutumie nyuma ya paneli, au juu ya rangi nyeusi. Ngozi na kadibodi usitumie kabisa, maana hunyonya maji na kuyaweka pale pale yanapodhuru.

Washa ya pili, juu ya ile laini, iwe ya chuma, bapa, isiyo na ukingo mkali. Ina upande mmoja uliovimba kidogo na mmoja wenye ukali. Upande wenye ukali uangalie juu. Kati ya washa hizo mbili paka nta ya mshumaa au grisi kidogo mno. Hapo ndipo ujanja ulipo: kitu kikizunguka, kitateleza kati ya washa na washa, na ile laini itatulia juu ya rangi bila ya kusogea.

Lakini zingatia jambo moja linalofuatana na hilo. Ukipunguza msuguano kwa nta, nguvu iliyokuwa ikipotea sasa inakwenda kubana. Kwa hiyo usikaze kwa nguvu ile ile uliyoizoea, la sivyo utalikunja bati au kuipasua plastiki.

Washa ya springi imekusudiwa kuzuia nati isilegee, lakini mahali pake ni nyuma, chini ya nati. Isiguse uso unaong'aa kamwe.

KUKAZA

Kanuni ni hii, na kama utasahau mengine yote, hii uikumbuke: kichwa kishikwe, nati izungushwe. Mtu mmoja akae mbele, akishike kichwa cha bolti kisiende popote. Wa pili akae nyuma, akaze nati. Mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kukishika kichwa cha bolti sawasawa, naye atajifunza kazi. Spana ya mbele izungushiwe utepe mdomoni ili ikiteleza isichubue.

Anza kwa vidole. Ingiza bolti zote, zikae kwa kulegea, ndipo uinyooshe paneli mahali pake. Ukiikaza bolti ya kwanza mpaka mwisho kabla ya nyingine kuingia, paneli itakaa upande, nawe utalazimika kuivuta na kuisukuma huku imebanwa. Hapo ndipo bolti nzima inapogeuka kuwa tupa. Kisha kaza kidogo kidogo kwa kupishana pembe: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto. Ndivyo afanyavyo fundi wa magari anapofunga gurudumu.

Shika spana karibu na kichwa chake, si mwishoni mwa mkono wake, ili usitie nguvu kupita kiasi. Washa laini ikianza kutokeza pembeni mwa ile ya chuma, umekwisha kukaza kuliko inavyotakiwa, legeza kidogo. Kwa kuwa plastiki hulegea kadiri siku zinavyopita, rudi baada ya juma moja, ukaze tena kwa nyuma. Mahali penye mtikisiko, mathalani kwenye mkokoteni au mlango unaofungwa kwa kishindo, weka nati ya pili nyuma ya ile ya kwanza.

SI KILA MNG'AO NI MMOJA

Niliyoyasema hadi hapa yanahusu hasa bati lililopakwa rangi. Nyumbani kwako huenda pana nyuso nyingine, na kila moja ina tabia yake.

Fomaika. Kitu hiki kilibuniwa Marekani mwaka 1912, na wabunifu wake walikusudia kitumike badala ya madini ya ulanga katika vifaa vya umeme; jina la Formica lilitokana na kusudi hilo. Leo kinafunika meza na makabati yetu, aghalabu kwa unene usiofika milimita moja. Uso wake ni mgumu, haukwaruzwi upesi, lakini ni mkavu kama ganda la yai na humeguka ukingoni mwa tundu. Tumia ncha kali ya drili, toboa kutoka usoni, na usikandamize. Adui mkubwa wa paneli ya fomaika ni ubao ulio chini yake: ukiwa ni ule wa vumbi la mbao lililogandishwa, maji yakiingia tunduni huvimba na kuinua uso wote. Paka ndani ya tundu vanishi au gundi ya mbao kabla ya kutia bolti, na nyuma weka washa pana ili nati isiudidimize ubao.

Plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Hii hutanuka sana kwa joto. Paneli ya urefu wa mita moja, ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka jua kali la mchana, tofauti ya nyuzi 30, hurefuka kwa karibu milimita 2. Chuma cha urefu huo huo hurefuka kwa kama theluthi moja tu ya milimita. Basi ukiifunga plastiki hiyo kwa matundu yanayobana juu ya fremu ya chuma, haina pa kwenda. Itapasuka yenyewe, na utaambiwa ni watoto. Toboa tundu la milimita 8 au 9 kwa bolti ya milimita 6, mbali na ukingo, kwa mwendo wa polepole, na usikaze zaidi ya kugusa. Wala usiisafishe kwa petroli au tina, kwani huifanya ijae nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha.

Mbao zilizopakwa vanishi. Hapa yafaa bolti yenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba. Shingo hiyo hujiuma ndani ya mbao na kichwa hakizunguki tena. Unakaza nati nyuma, na vanishi iliyo mbele haiguswi. Toboa tundu la kadiri ya bolti, kisha ugonge kichwa kwa nyundo ukiwa umeweka kitambaa juu yake.

Alumini. Hii haishiki kutu nyekundu, na kwa sababu hiyo watu huidharau hatari yake. Madini mawili ya aina mbalimbali yakigusana mahali penye maji ya chumvi, hutokea nguvu ya umeme kama ile iliyomo katika betri, na madini moja huliwa ili mwenzake apone. Bolti za shaba juu ya alumini, karibu na bahari, zitaila alumini na kuacha unga mweupe.

Usidhani haya ni madogo. Sanamu ya Uhuru iliyoko bandarini New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ni ngozi ya shaba nyembamba, yenye unene wa milimita 2 na nusu hivi, iliyoshikizwa juu ya kiunzi cha chuma. Wajenzi waliijua hatari hii, wakaweka kizuizi kati ya shaba na chuma. Kizuizi kile kilichakaa, hewa ya bahari ikafanya kazi yake, vyuma vikavimba kwa kutu na kuzing'oa ribiti zilizoshika ngozi. Kati ya mwaka 1984 na 1986 ilibidi vyuma vile vya ndani vibadilishwe, viwekwe vya chuma kisichoshika kutu, na utando wa plastiki telezi utiwe kati yake na shaba. Kile walichokitia mafundi wale kati ya madini na madini, kwa maana yake, ni ile ile washa unayoikata katika dumu lako. Kwa kabati la nyumbani, tumia bolti zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu, washa ya plastiki pande zote mbili, na ukiweza mrija mfupi wa plastiki kuizunguka bolti ndani ya tundu.

IKIWA UMEKWISHA KOSEA

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkwaruzo juu ya bati unaponyeka ukiuwahi. Sugua kutu yote kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, kisha lainisha ukingo wa rangi nzima kwa msasa laini uliolowekwa maji. Kausha kabisa. Paka rangi ya kuzuia kutu, ngoja ikauke, kisha tabaka mbili nyembamba za rangi ya juu. Tabaka moja nene hutiririka. Kutu ikiachwa chini ya rangi mpya itarudi hata upake mara ngapi. Duara la mikwaruzo lililozunguka bolti laweza kufichwa kwa washa pana zaidi, lakini fichua kwanza, tibu, ndipo ufiche. Mkwaruzo mdogo juu ya plastiki ngumu hupungua ukisuguliwa kwa kitambaa laini na dawa ya meno nyeupe, taratibu, kwa mzunguko.

Ndivyo tulivyofanya. Siku nne kati ya zile saba zilikwenda kwa msasa na rangi. Mzee yule alitupakia rangi ya kiwandani na kuikausha mbele ya jiko lake la joto, akisema kwamba ya brashi isingewahi kuwa ngumu kwa muda tuliopewa. Siku ya sita nilikaa nyuma ya kabati na spana, na mtoto wa kwanza wa mama yule akakaa mbele, ameshika vichwa vya bolti kimoja kimoja kwa mikono miwili, ulimi ameutoa pembeni kwa umakini. Washa za plastiki alizikata mwenyewe kwa mkasi.

Bwana Afya alipita siku ya nane. Alipitisha kidole kuzunguka bolti tatu, akakitazama kidole chake. Kisha akanunua vitumbua vinne, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Mama yule alikuwa amekwisha kuligeuza kabati. Upande niliokuwa nimeuharibu sasa unatazama barabarani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumapili hii ukiitwa kumsaidia jirani kufunga kitu chake kipya, nenda, tena nenda kwa moyo mweupe. Lakini kabla ya kuchukua spana, chukua blanketi, utepe wa karatasi na mkasi. Uliza kama rangi imekauka. Na ukifika kwenye bolti ya kwanza, shika kichwa, zungusha nati.